Kutoka Robota Hadi Jora: Wanafunzi na Historia ya Viwanda katika Mji wa Lowell

Mji wa Lowell, ulioko katika jimbo la Massachusetts kaskazini-mashariki mwa Marekani, haukuota kando ya bandari wala kwenye njia panda ya misafara kama ilivyoota miji mingi ya dunia, bali ulipimwa, ukachorwa na kuanza kujengwa mwaka 1822 kwa kazi moja iliyojulikana tangu mwanzo, nayo ni kutengeneza nguo za pamba kwa nguvu ya maji ya mto. Msafiri anayetoka Boston huufikia kwa treni katika muda usiozidi saa moja, akifuata njia ya reli iliyofunguliwa mwaka 1835, ambayo ni miongoni mwa reli za mwanzo kabisa nchini humo, na ambayo ilijengwa kwa mtaji wa wenye viwanda wenyewe kwa sababu mfereji wa boti uliounganisha miji hiyo miwili uliganda barafu kila majira ya baridi na kuacha bidhaa zimelala ghalani. Siku za masomo, hata hivyo, wageni wengi wa mji huo hawafiki kwa treni bali kwa mabasi ya shule, nao ni wanafunzi wanaopelekwa katika Kituo cha Historia ya Viwanda cha Tsongas, taasisi inayoendeshwa kwa ubia kati ya Chuo Kikuu cha Massachusetts Lowell na Hifadhi ya Kihistoria ya Taifa ya Lowell, ambayo ni sehemu ya mji iliyowekwa chini ya ulinzi wa serikali kuu kama zinavyolindwa mbuga na misitu.

Kituo hicho hakifundishi kwa kuwatembeza watoto mbele ya makabati ya vioo. Kinawapa kazi ya kufanya kwa mikono yao, ndani ya jengo la kiwanda chenyewe, na kazi hiyo huja pamoja na mipaka yake: muda uliopimwa, vifaa visivyotosha, msimamizi anayehimiza na uamuzi unaopaswa kutolewa kwa pamoja. Hapo ndipo ilipo thamani ya Lowell kwa yeyote anayefikiria namna ya kuwafundisha watoto historia ya viwanda, kwa kuwa mashine inayoguswa tu humfundisha mtoto kuwa chuma ni kigumu na gurudumu huzunguka, ilhali mashine inayotumikiwa chini ya saa na amri humfundisha kiwanda ni nini.

Anayetoka kituo cha treni kwa miguu huanza kukutana na maji kabla hajaviona viwanda. Mji umekatwakatwa na mifereji yenye urefu wa jumla ya kilomita 9 hivi, yote ikichota maji kutoka mto Merrimack juu ya maporomoko ya Pawtucket, mahali ambapo mto huo hushuka karibu mita 10 katika masafa mafupi. Wapennacook, wenyeji wa bonde hilo kabla ya walowezi kutoka Uingereza, walikusanyika kwenye maporomoko hayo kila msimu kuvua samaki waliokuwa wakipanda mto kutaga mayai. Walowezi nao, kwa upande wao, waliyaona maporomoko kama kizuizi, na mwaka 1796 walikamilisha mfereji wa kuyakwepa ili magogo ya mbao yashuke salama hadi kwenye viwanda vya merikebu vya pwani. Miaka 25 hivi baadaye wafanyabiashara wa Boston waliuangalia mfereji ule ule kwa jicho jingine, wakatambua kuwa kilichokuwa kero kwa wasafirisha magogo ndicho kilichokuwa hazina kwa mwenye mashine, maana maji yanayoanguka ni nguvu isiyohitaji kuni wala makaa.

Mtu ambaye jina lake limepewa mji hakuwahi kuuona. Francis Cabot Lowell, mfanyabiashara wa Boston, alikwenda Uingereza mwaka 1810 na kukaa huko hadi 1812, akatembelea viwanda vya nguo katika kipindi ambacho sheria za nchi hiyo zilikataza mashine na michoro yake kupelekwa nje, na akarudi nyumbani na alichokishika kichwani. Akishirikiana na fundi stadi aliyeitwa Paul Moody, alifanikiwa kufikia mwaka 1814 kuendesha huko Waltham, karibu na Boston, mtambo wa kufumia unaoendeshwa kwa maji, na kuweka chini ya paa moja hatua zote zinazoigeuza pamba ghafi kuwa nguo. Alifariki mwaka 1817. Wenzake, walipoona kuwa mto wa Waltham umekuwa mdogo kwa tamaa yao, ndio waliohamia Merrimack na kuuita mji mpya kwa jina lake. Kazi ya kuchimba na kupanua mifereji ilifanywa na vibarua kutoka Ireland, ambao kundi lao la kwanza lilifika kwa miguu kutoka Charlestown likiongozwa na Hugh Cummiskey mwaka 1822, na ambao waliachwa wajijengee vibanda nje ya mpango wa mji waliokuwa wakiujenga.

Kiwanda cha Boott, kilichosajiliwa mwaka 1835 na kujengwa kwa matofali mekundu kati ya mfereji na mto, ndicho kinachobeba makumbusho pamoja na vyumba vya masomo vya kituo cha Tsongas. Mgeni hupita kwanza katika ua wake mpana, ambamo mnara wa kengele bado umesimama, kisha huingia katika chumba cha ufumaji kwenye ghorofa ya chini, na hapo lazima maelezo yasimame kwa muda, kwa sababu hakuna maandishi yanayoweza kuchukua nafasi ya chumba hicho. Mitambo 88 ya kufumia, iliyotengenezwa mwanzoni mwa karne ya 20 na kampuni ya Draper ya mji wa Hopedale katika jimbo hilo hilo, imepangwa kwa safu kama ilivyokuwa imepangwa siku za kazi, ikiendeshwa kwa mikanda ya ngozi inayoshuka kutoka kwenye mihimili ya chuma inayozunguka juu ya dari. Sehemu tu ya mitambo hiyo huwashwa kwa wakati mmoja, lakini inatosha: sakafu hutetemeka, mazungumzo hukatika, na wageni hupewa vizibo vya masikio kabla ya kuingia, kinga ambayo wafumaji wa enzi hizo hawakupewa. Mwanafunzi anayejaribu kumwambia mwenzake jambo hugundua kuwa sauti yake haifiki hata hatua moja, na bila kufundishwa huanza kutumia ishara za mikono na kusoma midomo, kama walivyofanya waliofanya kazi humo kwa miaka mingi na wengi wao wakapoteza uwezo wa kusikia.

Inafaa kueleza hapa mtambo wa kufumia unafanya nini. Nguo hutokana na aina mbili za nyuzi: nyuzi za mtande, ambazo hutandikwa kwa urefu na kukazwa kwenye mtambo, na uzi wa mshindio, ambao hupitishwa kwa upana, ukipita juu ya uzi mmoja wa mtande na chini ya unaofuata. Fremu mbili hupanda na kushuka kwa zamu zikiugawa mtande sehemu mbili na kufungua uwazi katikati. Katika uwazi huo hurushwa chombo cha mbao chenye ncha za chuma pande zote mbili, kilichobeba uzi wa mshindio tumboni. Kisha chanuo pana husukuma uzi uliopita ushikane na nguo iliyokwisha kufumwa. Mtambo wa umeme au wa maji hurudia matendo hayo matatu zaidi ya mara 100 kwa dakika, na kelele kubwa ya chumba hicho ni ya kile chombo cha mbao kinapopigwa kutoka upande huu hadi ule. Katika mitambo ya zamani mfumaji alilazimika kuupitisha uzi mpya kwenye tundu la chombo hicho kwa kuunyonya kwa mdomo, na kwa kuwa chombo kimoja kilitumiwa na wengi, tundu lile lilipitisha pia kifua kikuu kutoka kwa mtu mmoja hadi mwingine.

Kutoka chumba hicho wanafunzi hupandishwa kwenye vyumba vya warsha, ambako kipindi kinachojulikana zaidi huwachukua hatua kwa hatua kutoka kwenye robota hadi kwenye jora. Wanaishika pamba ikiwa bado na mbegu zake na kujaribu kuitenganisha kwa vidole, wanaichana kwa vibao viwili vyenye meno ya waya, ili nywele zake zilale upande mmoja, wanaisokota, na mwishowe wanakaa mbele ya vitanda vidogo vya kufumia na kufuma kwa mkono kipande cha nguo. Wazo hili si geni. Mwanafalsafa wa elimu John Dewey, aliyezaliwa Vermont na aliyeanzisha shule ya majaribio katika Chuo Kikuu cha Chicago mwaka 1896, alieleza katika kitabu chake cha mwaka 1899 kuhusu shule na jamii jinsi kundi la watoto lilivyotumia nusu saa nzima kutoa mbegu katika pamba na kupata nyuzi zisizofika hata wakia moja, yaani chini ya gramu 28. Kutokana na uchovu huo watoto walielewa wenyewe kwa nini wazee wao walivaa sufu ya kondoo kuliko pamba, na kwa nini mashine ya Eli Whitney ya kutenganisha mbegu, iliyobuniwa mwaka 1793, iligeuza mambo.

Hata hivyo mashine hiyo ya Whitney ndiyo inayodai ukweli ambao vidole peke yake haviwezi kuufikia. Ilipopunguza kazi ya kutoa mbegu haikupunguza kazi ya mtumwa. Iliiongeza, kwa kuwa mwenye shamba wa Georgia, Alabama au Mississippi sasa aliweza kulima pamba mahali pasipolimika kwa faida hapo awali, na idadi ya watu waliotumikishwa katika mashamba hayo ilipanda kadiri viwanda vya kaskazini na vya Uingereza vilivyozidi kudai pamba. Zaidi ya hapo, viwanda vya Lowell vilifuma nguo nzito ya bei ya chini iliyouzwa tena kwa wenye mashamba ili wawavike watumwa wao, hata watu waliowahi kuwa watumwa, walipohojiwa wakiwa wazee katika miaka ya 1930, walikuwa bado wanaikumbuka nguo hiyo kwa jina la mji. Pamba iliondoka mikononi mwao ikiwa ghafi na kuwarudia mwilini ikiwa nguo ya kukwaruza. Makumbusho ya Boott hayaufichi uhusiano huo, na hilo ni jambo la kuheshimiwa, kwa sababu ingekuwa rahisi sana kuishia kwenye ustadi wa mafundi na kuwarudisha watoto nyumbani wakiwa wamefurahi. Robota linaloletwa mbele ya mwanafunzi bila kuelezwa lilivunwa na nani ni nusu ya somo, tena ile nusu isiyomsumbua mtu.

Warsha ya pili inahusu maji. Wanafunzi hupewa vipande vya kujengea mifereji, milango ya kuzuia na kuachia maji, na magurudumu wanayoyaunda wenyewe, kisha maji halisi hufunguliwa na kila kundi huona kama gurudumu lake linazunguka kwa nguvu au linalegea. Tatizo wanalokutana nalo ndilo lililowakabili wahandisi wa Lowell: maji ni yale yale, lakini wanaoyataka ni wengi. Mji ulilitatua kwa kuigawa mifereji katika ngazi mbili, ili maji yaliyokwisha kuendesha viwanda vya ngazi ya juu yaendeshe tena vile vya ngazi ya chini kabla ya kurudi mtoni. Na kampuni iliyomiliki mifereji iliuza maji kwa kipimo maalumu, ambacho kimoja kilikuwa kiasi cha nguvu kinachotosha kuendesha kiwanda chenye pia za kusokotea 3,584 kama kile cha pili cha Waltham. Maji yalipopungua wakati wa kiangazi, wenye mtaji walinunua kuanzia mwaka 1845 haki ya kudhibiti maziwa makubwa ya jimbo jirani la New Hampshire, mbali kaskazini, wakawa wanayafungulia na kuyafunga kwa mahitaji ya viwanda. Wenyeji wa huko, ambao mashamba yao yalifurika na vinu vyao vikakauka kwa ratiba iliyopangwa mahali wasipopajua, walijaribu mwaka 1859 kulibomoa bwawa mojawapo kwa mashoka na mitaimbo.

Aliyeyatawala maji hayo kwa muda mrefu zaidi ni James B. Francis, mzaliwa wa Uingereza aliyehamia Marekani akiwa na umri wa miaka 18 na kuwa mhandisi mkuu wa mifereji ya Lowell. Anakumbukwa mjini kwa lango kubwa la mbao alilolijenga mwaka 1850 juu ya mfereji mkongwe, ambalo watu walilibeza kuwa ni upuuzi wa gharama hadi mafuriko ya mwaka 1852 yalipokuja na lango hilo, lililokuwa limening'inizwa kwa pingili ya chuma, likadondoshwa na kuuokoa mji. Lilidondoshwa tena mwaka 1936. Duniani anakumbukwa kwa turbini, yaani gurudumu lililofungiwa ndani ya gamba la chuma ambamo maji huingia kutoka pembeni, hupita kati ya mapanga yaliyopindwa na kutokea katikati, likitumia sehemu kubwa zaidi ya nguvu ya maji kuliko gurudumu la wazi. Francis aliiboresha turbini ya namna hiyo kwa kupima na kurekodi kila jaribio, akachapisha matokeo mwaka 1855, na aina hiyo bado inabeba jina lake. Kwa msomaji wa Afrika Mashariki hili si jambo la mbali: mitambo 9 iliyofungwa katika bwawa la Julius Nyerere kwenye mto Rufiji, ambayo kila mmoja una uwezo wa kufua megawati 235, ni turbini za Francis. Mwanafunzi wa Lowell anayepelekwa kwenye jengo la kiwanda cha Suffolk huoneshwa turbini ya karne ya 19 ikizungushwa na maji ya mfereji na kusogeza mkanda hadi kwenye mtambo wa kufumia. Mwenzake wa Morogoro au Pwani ana mtambo wa ukoo huo huo katika mkoa wake, na haihitaji safari ya bahari kumwonesha.

Warsha inayostahili kuzungumzwa zaidi ya zote ni ile inayowafanya wanafunzi kuwa wafanyakazi. Kazi imegawanywa vipande, kila mmoja anarudia tendo moja huku bidhaa ikipita kutoka mkono hadi mkono, na msimamizi anataka kasi. Kisha masharti hubadilika: kasi hupandishwa, au ujira wa mfano hupunguzwa, na wanafunzi huitwa kwenye mkutano wa kujadili kama wataendelea, watalalamika au watagoma. Hapo darasa hugawanyika, kwa kuwa wapo wanaotaka kugoma mara moja, wapo wanaoogopa kufukuzwa, na wapo wanaouliza familia zao zitakula nini. Na mgawanyiko huo ndio uliokuwepo kati ya wafanyakazi halisi wa Lowell.

Wafanyakazi wa kwanza wa viwanda hivyo walikuwa wasichana wa mashambani wa eneo la New England, wengi wao wakiwa kati ya miaka 15 na 30, waliokaa katika mabweni ya kampuni chini ya mama mlezi, wakilazimika kurudi usiku saa iliyowekwa na kuhudhuria ibada. Kengele ya kwanza iliwaamsha saa kumi na nusu alfajiri na ya mwisho iliwaachia karibu saa moja jioni, na wiki ya kazi ilifika saa 70 na zaidi, katika vyumba ambavyo madirisha yake yalipigiliwa misumari ili hewa ibaki na unyevu na nyuzi zisikatike. Walipata fedha zao wenyewe kwa mara ya kwanza, walihudhuria mihadhara, na kati ya mwaka 1840 na 1845 walitoa jarida lililoandikwa na wafanyakazi wenyewe. Na wakati huo huo waligoma mwaka 1834 ujira ulipopunguzwa, na tena mwaka 1836 gharama ya bweni ilipopandishwa. Harriet Hanson, aliyeanza kazi akiwa na miaka 10 na ambaye mama yake alikuwa akisimamia bweni la kampuni, alitoka kiwandani katika mgomo wa 1836 akiwa bado mtoto, na kampuni ikamlipiza mama yake kwa kumnyang'anya kazi. Mwongo uliofuata, Sarah Bagley na wenzake waliunda chama cha wanawake wafanyakazi, wakakusanya maelfu ya sahihi kudai siku ya kazi ya saa 10, na mwaka 1845 wakatoa ushahidi mbele ya kamati ya bunge la jimbo, ingawa hawakuwa na haki ya kupiga kura. Kamati ilikiri kuwa kulikuwa na madhila na kukataa kutunga sheria. Sheria ya saa 10 kwa wanawake na watoto ilipatikana Massachusetts mwaka 1874, wakati ambapo wengi wa wasichana wale walikuwa wamekwisha ondoka viwandani na nafasi zao kushikwa na Wairish na Wakanada wenye asili ya Kifaransa, kisha Wagiriki, Wareno na Wapolandi.

Msomaji wa Tanzania atakumbuka hapa sera ya Elimu ya Kujitegemea ya mwaka 1967, iliyotaka shule ziwe na mashamba na karakana na mwanafunzi ashike jembe pamoja na kitabu. Tofauti ni kwamba pale kazi ilikusudiwa kuzalisha na kumjenga mwanafunzi kuwa mzalishaji, ilhali Lowell kazi hufanywa ili ihojiwe. Mtoto hafumi kwa sababu taifa linahitaji nguo yake, bali ili ajue aliyefuma alikuwa katika hali gani na nani aliyeamua kuwa iwe hivyo. Njia hizo mbili hazipingani, lakini shule nyingi zilizoshika ya kwanza ziliishia kwenye jembe bila kuhoji, na jembe lisilohojiwa liligeuka adhabu.

Kuwepo kwa kituo hicho hakukuwa jambo la kutarajiwa. Viwanda vya Lowell vilianza kudhoofika katika miaka ya 1920, vikishindana na vya kusini vilivyolipa ujira mdogo, na kufikia katikati ya miaka ya 1950 Boott nacho kilikuwa kimefungwa. Mabweni kadhaa yalibomolewa, na kulikuwa na watu waliotaka mifereji ifukiwe. Mwalimu Patrick Mogan, aliyekuja kuwa mkuu wa shule za mji, ndiye aliyeshikilia kuwa mji mzima ungeweza kuwa mahali pa kujifunzia, na kwamba watoto wa wafumaji walikuwa wakifundishwa kuionea haya historia ya wazazi wao badala ya kuisoma. Paul Tsongas, mtoto wa mji huo mwenye asili ya Kigiriki, aliyewahi kufundisha Ethiopia kama mtu wa kujitolea kabla ya kuingia katika siasa, aliifikisha hoja hiyo katika bunge la taifa, na mwezi Juni mwaka 1978 hifadhi ikaanzishwa kwa sheria. Leo bweni mojawapo lililosalia la Boott lina jina la Mogan, na wanafunzi huketi kwenye meza yake ndefu ya kulia chakula. Wakazi wa mji nao wamebadilika: wakimbizi wa Kambodia walifika kwa wingi katika miaka ya 1980, na wamo pia wahamiaji kutoka Kenya, hivyo katika makundi yanayopandishwa ngazi za Boott wamo watoto ambao nyumbani huzungumziwa Kiswahili.

Kwa watoto hao, na kwa yeyote anayetoka pwani ya Afrika Mashariki, somo linaloishia kwenye jora limekatizwa mahali pake pazuri zaidi. Jora la kitambaa kisichopaushwa kutoka viwanda vya Massachusetts lilipakiwa katika bandari ya Salem, safari fupi mashariki ya Lowell, na kupelekwa Unguja, ambayo mtawala wake, Sayyid Said, alikuwa amefunga mkataba wa biashara na Marekani mwaka 1833 na ambako mfanyabiashara wa Salem, Richard P. Waters, alifika mwaka 1837 akiwa balozi mdogo wa kwanza wa nchi hiyo. Kitambaa hicho, kilichoitwa merikani tangu siku hizo, kilisifiwa kwa uimara wake, kikawa si vazi tu bali pia fedha ya bara: wapagazi walilipwa kwa mikono ya merikani, watawala wa njiani walipewa hongo kwa merikani, na safari ya kwenda Unyamwezi au Ujiji ilikadiriwa kwa majora. Meli zilirudi Salem na pembe za ndovu, ngozi, karafuu na sandarusi, ambayo ni utomvu mgumu wa kutengenezea vanishi uliochimbwa ardhini na wakazi wa pwani na kusafishwa katika kiwanda kimoja cha Salem.

Kipindi cha nyongeza kingeweza kuandaliwa bila gharama kubwa, Lowell au hata katika makumbusho ya Unguja na Bagamoyo, ambamo wanafunzi wangepima merikani kwa mkono, kutoka ncha ya kidole hadi kiwiko, wangepatana bei ya mzigo na kupanga msafara kwa idadi ya majora waliyopewa. Kisha masharti yangebadilishwa, kama yanavyobadilishwa katika warsha ya mgomo, kwa kuingiza mwaka 1861, ambapo Vita ya Wenyewe kwa Wenyewe ya Marekani ilizuia pamba ya kusini; kampuni kubwa za Lowell ziliamua kuuza akiba yao ya pamba kwa bei iliyopanda kuliko kuifuma, zikafunga mitambo na kuwaachisha kazi watu wapatao 10,000, na Unguja merikani ikaadimika, bei yake ikapanda, na nguo za Uingereza na za India zikachukua nafasi iliyoachwa wazi mikononi mwa wapagazi.